Mpima Damu Aliyeitwa Dakika Ishirini

Hospitali yetu ilikuwa na saa tatu za ukutani, na iliyoaminika ilikuwa moja tu, ile ya chumba cha shemeji yangu. Zile nyingine mbili zilikuwa mapambo. Daktari akitaka kujua muda wa kweli alimtuma mtu akachungulie mlangoni kwa Dakika Ishirini. Achungulie tu, asiingie. Ukiingia na meza ikatikisika, ungetoka na maneno ya kukutosha wewe na wajukuu wako.

Jina hilo walimpa wauguzi kwa sababu ya kazi yake. Huku kwetu kuna nyoka mdogo wa rangi ya mchanga, anayesugua magamba yake yakalia kama msumeno kwenye mbao kavu. Sumu yake huinyima damu uwezo wa kuganda. Mtu huanza kuvuja kwenye fizi, kisha kwenye mkojo, mwisho kichwani, akafa huku kidonda chenyewe hakifiki ukubwa wa punje ya mtama. Kwa hiyo akiletwa mtu aliyeumwa, shemeji yangu alichota damu yake kidogo, akaitia kwenye tyubu safi ya kioo, akaisimamisha kwenye kishikio cha mbao nilichomtengenezea mimi, akatazama saa. Dakika ishirini tyubu haiguswi. Zikitimia, anaiinamisha mara moja tu. Damu ikibaki pale pale kama uji uliolala, sumu haijaiharibu. Ikitiririka kama maji, mgonjwa apewe dawa ya nyoka upesi. Saa sita baada ya dawa anapima tena, ajue kama dawa imefanya kazi au imepita tu mwilini.

Basi. Kioo, saa, na mtu mwenye subira. Nimefanya kazi ya useremala hospitalini pale miaka thelathini na mmoja, nikisoma vitabu vya udaktari vilivyotupwa stoo, na sijaona kipimo cha heshima kuliko hicho. Nakisema hivyo kwa sababu wapo waliokicheka.

Tyubu zake hakuziosha kwa sabuni. Alizisuuza kwa maji yaliyochemshwa mara tatu, akazikausha kifudifudi juu ya kitambaa cheupe. Mfagizi mmoja mgeni, kwa wema wake, alizikuta asubuhi akazisugua kwa sabuni ya unga mpaka zikang'aa. Shemeji alizitupa zote.

"Mama, si nimekusaidia?" mfagizi akashangaa.

"Umenisaidia kuua. Damu ikigusa kioo kitupu inajua kwamba imetoka nje ya mwili, inaganda. Ikigusa sabuni, au plastiki, inadhani bado iko nyumbani, inajilalia. Mimi nitainamisha tyubu, nitaona maji, nitasema sumu. Kumbe sumu ni wewe."

Hata ndugu wa wagonjwa hawakupona mdomo wake. Namkumbuka bwana mmoja aliyetaka kuinyanyua tyubu ya kaka yake aione vizuri.

"Mama, siwezi kuangalia hata kidogo?"

"Angalia kwa macho. Mikono tia mfukoni. Kama huna mfuko, ikalie."

Watu walicheka, lakini nyuma ya ukali ule kulikuwa na kaburi. Mume wake alikuwa mdogo wangu, mkata nyasi wa barabarani. Aliumwa kifundoni akiwa kazini saa nne asubuhi, na saa tano alikwishafika wodini. Hakuchelewa. Dawa ilikuwepo. Tatizo ni kwamba dawa yenyewe ilikuwa imetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa nchi nyingine kabisa, nyoka ambaye hata picha yake kwenye kasha hatukuitambua. Kama walioinunua walijua au hawakujua, Mungu ndiye ajuaye. Mdogo wangu alitiwa vichupa kumi na viwili. Mkewe aliomba aachiwe apime mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Mara nne aliinamisha tyubu ya damu ya mume wake, na mara nne damu ikatiririka. Siku ya tatu tukamzika.

Baada ya matanga alirudi kazini na kufungua daftari la zamu.

Hapa lazima nieleze daftari la zamu lilikuwa nini, maana vijana wa leo hawalijui. Lilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, kilichokaa kwenye meza ya metroni. Kila mtu aliyemaliza zamu aliandika alichokiona, daktari, nesi, mpishi, hata mlinzi. Asiyejua kuandika aliandikiwa, akatia kidole. Na mganga mkuu alilazimika kusoma kila asubuhi na kutia sahihi chini ya kila neno. Ukiandika kwamba paa linavuja, hakuna atakayesema hakuambiwa. Shemeji yangu aliandika humo, mgonjwa baada ya mgonjwa, kwa miaka miwili: dawa imetolewa, saa sita zimepita, damu bado maji. Kurasa zile ndizo zilizopelekwa juu, na ndizo zilizoifanya dawa ile ya uongo iondolewe. Mwandiko wa mhudumu wa maabara aliyeishia darasa la saba.

Kisha wakaja watu wa mabadiliko na kuliondoa daftari. Wakaleta vishikwambi. Humo unabonyeza ndiyo au hapana. Hakuna mahali pa kusema "lakini".

Miaka mingi ilipita bila dawa yoyote ya maana. Walioumwa waliishi kwa bahati yao. Hatimaye, mwaka wangu wa mwisho kazini, tukaambiwa inakuja dawa mpya, iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wetu wenyewe, na kwamba itafanyiwa jaribio hospitalini kwetu. Ikifaulu itabaki. Isipofaulu itarudi ilikotoka. Shemeji yangu, ambaye sikuwa nimemwona akitabasamu kwa sababu ya kazi tangu msiba, alikuja karakana kwangu na kukaa juu ya gogo.

"Shemeji, safari hii wamekamua nyoka mwenyewe," akasema. "Yule yule."

"Usifurahi mapema."

"Wewe kufurahi ulikuzika lini? Niache nifurahi hata leo tu."

Timu ya utafiti ikaja na magari mawili na masanduku. Kiongozi wao alikuwa daktari kijana, msafi, mwenye adabu ya juu juu, na kila akiulizwa swali alijibu, "Itifaki inasema." Wiki haikuisha wauguzi wakawa wamemwita Daktari Itifaki. Kwenye masanduku kulikuwa na tyubu mpya mia tano, zimefungwa kumi kumi, zinang'aa kama kioo. Shemeji alichukua moja, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akaigonga tena.

"Daktari, hii plastiki."

"Ndiyo mama. Za kisasa. Hazivunjiki."

"Damu haigandi kwenye plastiki kwa dakika ishirini. Inachelewa."

"Mama, tyubu hizi zimeagizwa na watu wenye shahada tatu tatu."

"Nao walishawahi kuzigonga?"

Kijana akatabasamu, tabasamu lile vijana wanalowapa wazee wanapowasaidia kuvuka barabara. Akamshika bega. "Wewe fuata itifaki tu, mama. Ukiona imetiririka, bonyeza hapana. Ukiona imeganda, bonyeza ndiyo."

Siku hiyo hiyo shemeji alimwambia metroni. Metroni akasema hilo ni suala la watafiti. Akamwambia mganga mkuu kwenye korido, mganga mkuu akasema, "Nimekusikia," huku akitembea. Hakuna kilichoandikwa, kwa sababu pa kuandikia palikuwa pameondolewa.

Yaliyofuata mtu yeyote mwenye akili angeyatabiri. Kila aliyeletwa, damu yake ilitiririka kwenye plastiki. Aliyeumwa kweli ilitiririka. Aliyeumwa na nyoka asiye na sumu ilitiririka. Wote wakatiwa dawa. Baada ya saa sita wakapimwa tena, ikatiririka, wakaongezwa dozi ya pili. Ikatiririka, ya tatu. Baada ya dozi ya tatu itifaki ilisema mgonjwa huyo aandikwe kwamba dawa imeshindwa kwake. Na huku macho ya shemeji yangu yanaona kinyume chake: mtu aliyeingia na fizi zinazovuja, kesho yake anatafuna mkate, mkojo uliokuwa kama chai ya rangi umekuwa safi. Dawa ilikuwa ikifanya kazi! Ile ile tuliyoingojea tangu kifo cha mdogo wangu ilikuwa imefika, inaponya watu mbele ya macho yetu, na kipande cha plastiki kilikuwa kinaishtaki.

"Daktari, muangalie mdomoni. Fizi zimekauka."

"Itifaki haipimi fizi, mama. Inapima tyubu."

Wagonjwa kumi na tisa walikuwa wamepita, wote wameandikwa wameshindikana, alipoletwa mama mmoja mfyatua matofali. Aliumwa kidoleni akipanga matofali yaliyokauka. Dozi ya kwanza ilimfaa, hata kuongea alianza kuongea, akalalamika kwamba uji wa wodini hauna sukari. Tyubu ikasema hapana. Akapewa ya pili, akaanza kujikuna mwili mzima. Tyubu ikasema hapana. Akapewa ya tatu, na koo likamvimba. Ikabidi akimbiziwe oksijeni na sindano za kumzindua, mumewe amesimama mlangoni ameshika kandambili zake mkononi, hajui azivae au akimbie. Mama yule aliponea chupuchupu. Hakuponzwa na nyoka. Aliponzwa na dawa nzuri iliyozidishwa bure.

Shemeji alikuja karakana.

"Jumatano anakuja mkaguzi wa jaribio," akasema. "Wakimpa takwimu hizi, dawa inaondoka. Na ikiondoka hairudi tena tukiwa hai."

"Umwambie mkaguzi."

"Kwa mdomo? Wameshanisikia kwa mdomo. Nataka waone."

Jumatano hiyo niliitwa ofisini kwa mganga mkuu kuimarisha mguu wa meza. Ni shemeji aliyekuwa amemwambia kwamba meza inayumba. Nikawa nimepiga magoti chini ya meza na nyundo yangu wakati wakubwa wameketi: mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, mganga mkuu, na Daktari Itifaki na majedwali yake. Shemeji yangu akaingia bila kubisha hodi. Mkononi ana kishikio, na ndani yake tyubu mbili, moja ya kioo na moja ya plastiki. Nyuma yake nesi na bomba la sindano.

"Samahani wakubwa. Naomba damu yangu ichotwe hapa."

"Nyoka gani amekuuma, mama?" akauliza mkaguzi.

"Hakuna. Ndiyo maana."

Daktari Itifaki akasimama. "Hili halimo kwenye ratiba."

"Keti, daktari," akasema mkaguzi. "Dakika ishirini hazituui."

Nesi akachota, akagawa sawa kwa sawa kwenye tyubu zote mbili. Shemeji akaniambia, "Fundi, toka chini ya meza, na usiiguse." Nikatoka, nikasimama ukutani. Daktari kijana alitoa simu, akairudisha. Mganga mkuu alijisafisha koo mara nne. Shemeji yangu alitazama saa yake ya mkononi tu, mkono mmoja umebonyeza pamba pale alipochomwa.

Zikatimia. Akainamisha tyubu ya kioo. Damu ikabaki chini, imeshikana. Akainamisha ya plastiki. Ikashuka yote, ikamwagikia mezani, juu ya jedwali.

"Kwa hiyo na mimi nitundikieni dozi tatu," akasema. "Nimeumwa na kiti."

Mkaguzi hakucheka. Aliichukua tyubu ya plastiki, akaigonga kwa ukucha. Nilimtazama Daktari Itifaki, nikaona uso wake umebadilika rangi, nikafikiri kwa ujinga wangu kwamba haki imeshinda. Mzee mzima mimi, mwenye mvi hadi kifuani.

Ijumaa mganga mkuu alimwita shemeji. Jioni yake akaja kwangu na bahasha, akaiweka juu ya benchi kati ya randa na vumbi la mbao. Nikavaa miwani, nikasoma. Barua ilisema kwamba yeye, mhudumu wa maabara, ndiye aliyepokea tyubu, hakukagua aina yake, na hakutoa taarifa kwa mtu yeyote, na kwamba kwa uzembe huo amekubali adhabu atakayopewa. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi.

Nilihisi kama mtu amenipiga kofi. "Hakutoa taarifa? Ulimwambia daktari mwenyewe, uso kwa uso! Ulimwambia metroni! Ulimwambia huyu huyu aliyeandika barua!"

"Na nani aliyaandika hayo?"

Nikaisoma barua tena.

"Ndivyo alivyoniuliza mganga mkuu," akasema. "Imeandikwa wapi, mama?"

"Usitie sahihi."

"Ngoja nikueleze alivyonieleza. Kosa likiwa la watafiti, jaribio linasimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Mwaka, labda miaka miwili. Dawa iliyoko kwenye friji inaisha muda wake miezi minane ijayo. Inamwagwa, na waliotengeneza wanakwenda kujaribu kwingine. Kosa likiwa la hapa, la mtu wa chini, linaitwa dosari ya upokeaji. Tyubu zinabadilishwa, wanaanza upya Jumatatu."

"Huo ni utekaji nyara."

"Uite utakavyo, shemeji. Jumatatu au miaka miwili?"

"Na jina lako? Miaka ishirini na tisa, hujawahi kukosea hata dakika moja, leo uitwe mzembe na mtoto asiyejua kutofautisha kioo na plastiki? Afadhali dawa imwagwe!"

Hapo ndipo aliponigeukia. Hakupandisha sauti.

"Rudia."

Nikavua miwani.

"Rudia, halafu twende pamoja makaburini ukamwambie mdogo wako. Mwambie dawa yake imefika, lakini tumeimwaga kwa sababu mkewe alikuwa na jina zuri."

Nilichukua randa nikaanza kuranda ubao ambao haukuhitaji kurandwa. Akasema taratibu, "Mvuliwa nguo huchutama. Nipe kalamu."

Kalamu yangu ya seremala ilikuwa ya risasi. Akaikataa. Akaenda dirishani kwa mlinzi akaomba ya wino, akarudi, akatia sahihi palepale kwenye benchi langu, kwa mwandiko wake wa taratibu wenye herufi za mviringo, mwandiko ule ule uliokuwa kwenye daftari jeusi.

Jumatatu jaribio likaanza upya. Tyubu za kioo zilikuja, masanduku mawili. Mgonjwa wa kwanza damu yake ilitiririka, akapewa dozi moja, saa sita baadaye ikaganda. Wa pili hakuwa na sumu, akapewa panado na pole. Mwisho wa jaribio dawa ilifaulu kwa alama ambazo hata mimi nisiye na shahada nilizielewa. Imebaki. Iko kwenye friji pale mpaka leo, na watu wanapona.

Ripoti nimeisoma. Niliipata kwa karani, nikaisoma usiku kwa siku mbili mfululizo. Ukurasa wa thelathini na nne unasema: "Dosari ya awali iliyosababishwa na mhudumu wa ngazi ya chini iligunduliwa na kurekebishwa na timu ya utafiti." Iligunduliwa na timu! Daktari Itifaki amepanda cheo, anafundisha wengine namna ya kufanya majaribio. Kwenye shukrani wametajwa wakubwa wote, dereva, na kampuni iliyotoa vishikwambi. Nililisaka jina la shemeji yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, na wala sikulipata.

Adhabu yenyewe ilikuwa kuhamishwa. Maabara haimtaki mzembe. Amepelekwa chumba cha kufulia, kukunja mashuka. Mahali pake wameweka msichana mmoja mpole ambaye hupima muda kwa simu yake, na simu hiyo ikiita humo katikati, huipokea. Niliposikia hivyo nilitaka kwenda kumshtaki, shemeji akanikataza. Kumbe wakati wa chakula cha mchana humwita msichana huyo kwenye mashuka na kumfundisha kuhusu sabuni.

"Anasikia?" nikamuuliza.

"Anasikia kuliko wewe."

Wiki iliyopita nilikwenda kule kufulia kumpelekea kabari ya mlango. Mimi nimestaafu, lakini mlango wao unagonga na hakuna aliyeteuliwa kuutengeneza. Tulikuwa tumesimama dirishani alipopita kijana mmoja aliyeruhusiwa asubuhi hiyo, mguu bado umefungwa bandeji, anachechemea kwa furaha. Nyoka wa mchanga, siku nne zilizopita. Mama yake alikuwa akimshukuru kila aliyekutana naye: nesi, daktari wa zamu, hata mlinzi alipewa mkono. Wakafika dirishani kwetu. Kijana akamtazama shemeji yangu aliyekuwa na shuka mkononi.

"Samahani mama," akasema, "njia ya kutokea ni ipi?"

Akaliweka shuka chini, akamwonyesha.